Alilonyamazia Haggard

Katika shajara ya H. Rider Haggard kuna habari ya Desemba 1915 iliyoninyima raha. Huyu ndiye mtunzi wa hadithi tuliyoletewa na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Rafiki mkubwa wa Haggard alikuwa mwandishi mwenzake, Rudyard Kipling. Waliweza kukaa chumba kimoja, kila mmoja akiandika yake, jambo ambalo waandishi wachache wanalivumilia. Kisa cha riwaya ya Haggard, The Ghost Kings, walikisuka pamoja kwa saa mbili, karatasi zikabaki na miandiko ya wote wawili. Haggard alifiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, Jock, mwaka 1891, mwenyewe akiwa Mexico. Mwaka 1915 ikawa zamu ya Kipling: mwanawe John, miaka 18, alipotea vitani Loos, Ufaransa.

Haggard akaulizia, akampata askari aliyeapa kwamba alimwona John akitoka msituni, mdomo umesambaratishwa na kombora, anahangaika kujifunga bendeji huku analia. Askari alitaka kumsaidia, akaogopa kumwaibisha ofisa. Haggard aliyaandika yote, kisha akaamua asimpelekee Kipling. Yanauma mno.

Nilimsimulia mzee mmoja wa Iyunga anayejalidi vitabu, akiwa anakishona upya hicho hicho cha Mashimo, mgongo umeliwa na mchwa.

"Alifanya vizuri," akasema, sindano mkononi. "Mimi darasa la nne nilikuwa msomaji wa barua hapa mtaani. Wanaume walikwenda Wenela, kwenye migodi ya Johannesburg. Barua ikija, mama zao wananiita. Mabaya nayaruka. Nasoma salamu, nasoma fedha ziko njiani, natoka mbio."

Na mama aliyerukiwa habari?

"Mmoja alingoja mpaka akafa." Akauvuta uzi. "Huyo Kipling alimtafuta mtoto?"

Miaka mingi, nikamwambia. Alifariki 1936, kaburi la John likiwa bado halijulikani.

"Na Haggard akawa anakwenda kwake, wanakaa pamoja?"

Ndiyo, mzee. Aliishi karibu miaka kumi zaidi, na urafiki haukukatika.

"Hapo sasa sijui, mwanangu. Mimi yule mama nilikuwa nikimwona njiani, napita mashambani."