Dungusi ya juu ya miti: kiu katikati ya mvua ya Itebero

Anayesafiri kwa barabara ya taifa namba 3 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kutoka Bukavu kwenda Walikale huiacha milima yenye baridi, akateremka hadi Hombo, kisha Itebero. Huku chini joto halipungui, na mvua haikai mbali. Ni msitu mnene wa bonde la mto Kongo, na hakuna ambaye angekuja hapa kutafuta jamaa wa mimea ya jangwani. Hata hivyo, misitu ya mvua kama hii ndiyo makao ya dungusi moja ya ajabu, ambayo wataalamu huiita Rhipsalis baccifera.

Dungusi kakati ni ukoo mkubwa, wenye aina zaidi ya 1,500. Karibu zote ni wenyeji wa bara la Amerika, kuanzia Kanada hadi Patagonia. Hata mpungate tunaouona ukipandwa kama ua kandokando ya nyumba zetu uliletwa na watu kutoka huko. Ni Rhipsalis baccifera peke yake inayohesabiwa kuwa mwenyeji wa asili wa Afrika, Madagaska na Sri Lanka, mbali na ndugu zake wote.

Wengi wanaipita bila kuitambua, kwa sababu iko juu ya vichwa vyao na haina sura ya dungusi. Mmea uliokomaa hauna majani wala miiba. Ni mashina membamba ya kijani, yenye unene wa milimita chache tu, yanayogawanyika na kuning'inia kutoka tawini kama rundo la kamba zilizosahauliwa. Maua yake ni madogo na meupe. Matunda yake hayazidi ukubwa wa punje ya njegere, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba mbegu nyeusi zinaonekana kwa ndani.

Ukiukaribia mche wake ungali mchanga, asili yake inajitokeza waziwazi. Umesimama wima juu ya gome, mfupi, una kingo, na kila kingo imeota vinyweleo vyeupe vilivyosimama. Ni dungusi kamili, iliyo ndogo kupita kiasi. Ukizidi kukua, mashina mapya hutoka laini, yakalegea na kuanza kuning'inia.

Kwa nini basi mmea unaoishi kwenye mvua uhifadhi maji mwilini? Jibu liko kwenye tawi lenyewe. Juu kule hakuna udongo. Mvua ikinyesha, maji huteremka na kwenda zake. Jua likitoka na upepo ukapita, gome hukauka upesi. Ardhi ya Itebero inaweza kuwa tope tupu, huku tawi lililo juu yake likiwa kavu. Mmea unaoishi hapo hukutana na ukame mara kwa mara, mvua ikikatika kidogo tu. Ndiyo maana Rhipsalis hujaza maji katika mashina yake, na haina majani ya kuyapotezea. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, kukiwa na ubaridi. Huvuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba katika umbo la asidi, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Nanasi shambani hufanya vivyo hivyo.

Mmea huu haunyonyi mti unaoubeba. Mizizi yake hushika gome tu, ikanywa maji ya mvua na kula uozo wa majani uliokwama kwenye panda za matawi. Hata wasomi waliwahi kuudhania vibaya: mwaka 1771 Johann Sebastian Mueller, aliyeuchora nchini Uingereza, aliuweka katika jenasi ya Cassytha, mimea-kamba inayonyonya mingine. Mwaka 1788 Joseph Gaertner aliupa jina la Rhipsalis.

Ulifikaje Afrika? Afrika na Amerika Kusini zilitengana miaka ipatayo milioni 100 iliyopita, na ukoo wa dungusi unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 35 hivi. Kwa hiyo haukuachwa huku mabara yalipogawanyika. Wapo wanaosema uliletwa na mabaharia, na wapo wanaosema uliletwa na ndege, kwani nyama ya tunda lake inanata, na ndege akisugua mdomo kwenye gome huacha mbegu hapo hapo. Mimi naona hoja ya ndege ina nguvu zaidi. Upande wa Kilimanjaro ipo jamii yenye matunda mekundu, na Madagaska ipo inayobaki na vinyweleo hata ikikomaa. Tofauti za namna hiyo huchukua muda mrefu kujitokeza.

Itebero inajulikana kwa sokwe wakubwa. Msitu wake unapakana na sehemu ya chini ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 ipo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tunapohesabu hasara ya vita, machimbo na ukataji wa miti, tunahesabu wanyama na mbao. Mimea iliyo juu ya matawi haihesabiwi.

Rhipsalis bado haijafika hatua ya kutoweka duniani. Lakini mti wa zamani ukikatwa, bustani yote iliyojijenga juu yake kwa miaka mingi huanguka nao: okidi, makangaga, dungusi. Moto wa kusafisha shamba humaliza kilichobaki. Kupanda mikaratusi hakurudishi bustani hiyo, kwani mikaratusi mingi hubambuka gome, na mche mdogo hupoteza pa kushika.

Hatua za kuchukua zipo, na si ngumu. Anayefungua shamba la kakao aiache miti mikubwa isimame iwe kivuli. Anayeuza mimea ya mapambo ajue kwamba dungusi imo katika mkataba wa CITES, na haivushwi mpaka wa nchi bila kibali. Afrika Kusini imeona jinsi wezi walivyong'oa maelfu ya mimea mingine midogo inayohifadhi maji, ya jenasi ya Conophytum, ili kuwauzia wapenzi wa maua ng'ambo. Na mti mkubwa ukiangushwa na upepo kando ya barabara, mwalimu awapeleke wanafunzi wake wakague matawi ya kileleni kabla hayajanyauka, wachukue sampuli na kuzipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya kituo cha utafiti cha Lwiro. Watu wa Walikale wanaokwea miti ya msitu huu kutafuta asali wanayajua matawi hayo kuliko kitabu chochote, na ni haki waulizwe kabla miti haijaisha.