Kuutambua na Kuukamilisha Mzingo wa Herufi katika Picha za Miswada

Picha ya kidijitali ya ukurasa wa mswada si maandishi, bali ni jedwali la nambari. Katika picha isiyo na rangi, kila kijisehemu, yaani pikseli, hupewa nambari moja, kwa kawaida kuanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, hadi 255, ambayo ni weupe mtupu. Kompyuta haioni herufi. Hutafuta mahali ambapo nambari hubadilika ghafla, na hapo ndipo panapohesabiwa kuwa ukingo.

Njia mashuhuri ya kutafuta kingo ni ile aliyoieleza John Canny mwaka 1986. Kwanza, picha hulainishwa ili madoa madogo yafifie. Pili, hupimwa ukubwa wa badiliko na mwelekeo wake. Tatu, ukingo hukondeshwa hadi ubaki mstari mwembamba. Mwishowe hutumiwa vizingiti viwili: ukingo wenye nguvu hukubaliwa, ulio dhaifu hukataliwa, na ule wa kati hukubaliwa iwapo tu umeungana na wenye nguvu.

Hata hivyo, wino ukififia au karatasi ikiliwa na wadudu, mstari hukatika. Hapo huhitajika kukamilisha: ncha mbili zilizokaribiana na kuelekeana huunganishwa kwa mkunjo laini. Jicho la binadamu nalo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1955 mwanasaikolojia wa Italia, Gaetano Kanizsa, alionyesha jinsi mtu aonavyo pembetatu ambayo haikuchorwa.

Kwa mtaalamu wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, jambo hili si dogo. Herufi za b na t zina kiwiliwili kimoja. B hutiwa nukta moja chini, na t nukta mbili juu. Nukta hizo zikifutwa kwa kudhaniwa kuwa madoa, neno "baba" na neno "tata" hayatofautiani tena. Kinyume chake, doa lililoachwa laweza kuwa nukta ambayo mwandishi hakuitia, na mkunjo uliokamilishwa waweza kuunganisha herufi zisizounganika.

Ni dhahiri, basi, kwamba mstari uliotambuliwa ni ushahidi, ilhali uliokamilishwa ni rai. Mhariri hutia mabano herufi alizozikisia. Kompyuta nayo yapasa ifungwe na kanuni iyo hiyo. Sehemu zilizokamilishwa zitiwe alama, vizingiti vilivyotumiwa vitajwe, na picha ya asili ihifadhiwe kando yake, ili msomaji ajue palipoishia kalamu ya mwandishi na palipoanzia kisio la mashine.