Kampuni Ikiyumba, Andika Saa Zako

Mwaka 2023 Sendy, kampuni ya Nairobi iliyounganisha wenye mizigo na wasafirishaji kwa programu ya simu, ilifunga shughuli zake. Mwaka huo huo kampuni nyingine, Twiga, ilipunguza wafanyakazi. Mei 2024 ikawa zamu ya kampuni ya Copia kuwekwa chini ya wasimamizi. Habari za namna hii huandikwa kwa hesabu ya dola za wawekezaji. Mfanyakazi wa kampuni yoyote inayodidimia ana hesabu yake, nayo huanza miezi kadhaa kabla ya barua ya kuachishwa kazi.

Dalili zinafahamika katika ofisi nyingi za Ngong Road, Kilimani na Westlands jijini Nairobi. Fedha zikikauka, watu hupigwa kalamu lakini kazi zao hubaki. Mhandisi aliyetunza mfumo mmoja sasa anatunza mitatu. Saa nne usiku meneja anaandika kwenye kundi la WhatsApp, na asiyejibu anaonekana hana moyo wa kazi. Aliyechelewa ofisini akikosa matatu ya mwisho ya Kawangware, boda analipa mwenyewe. Wenye ujuzi unaotafutwa kwingine huhama mapema, na wanaobaki hurithi mfumo usio na mtu wa kuueleza.

Meneja huona saa hizo za ziada kama faida. Mwanauchumi John Pencavel alipochambua kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliona kwamba baada ya takriban saa 50 kwa wiki kila saa ya ziada ilizaa kidogo zaidi. Waliofanya saa 70 walizidi kwa kiasi kidogo tu wale wa saa 56. Katika kazi ya kuandika programu hali ni mbaya zaidi, kwani aliyechoka huacha hitilafu, na hitilafu hudai saa nyingine za kuirekebisha. Kwa hiyo saa za ziada zisizoisha zinaonyesha kwamba uongozi umeshindwa kuamua kazi ipi iachwe.

Sheria ya Kenya iko wazi kuhusu malipo. Amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, isipokuwa mkataba umeweka pungufu. Saa ya ziada siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa msingi wa mwezi hugawanywa kwa 225.

Tuseme mshahara wa msingi ni Sh90,000. Saa moja ni Sh400, ya ziada Sh600, ya Jumapili Sh800. Aliyefanya saa 10 za ziada kila wiki kwa wiki nne, na saa tano katika kila moja ya Jumapili mbili, anadai Sh32,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni Sh192,000.

Sasa kampuni ianguke. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mishahara ya miezi minne ya mwisho hupewa kipaumbele baada ya gharama za ufilisi, ila kwa kikomo cha Sh200,000 kwa kila mfanyakazi. Kinachozidi hupanga foleni na wadai wa kawaida. Saa ambazo hazikuandikwa hazifiki hata kwenye foleni hiyo. Kortini pia, madai mengi ya ovataimu huanguka kwa sababu mlalamishi hana tarehe wala saa.

Basi weka daftari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kazi iliyofanywa, na aliyeiagiza. Agizo likitolewa kwa mdomo, tuma barua pepe ya kulithibitisha siku hiyo hiyo. Usingoje mno, maana madai ya ajira kwa kawaida yana muda wa miaka mitatu.

Meneja naye alipaswa kuwa wa kwanza kulitaka daftari hilo. Ari haifufuliwi kwa pitsa ya Ijumaa wala hotuba ya “sisi ni familia moja”. Watu huvumilia kazi nzito wanapoona mwisho wake na malipo yake. Orodha ya saa ikiwa mezani, maswali mawili hayakwepeki: tulipe kazi hii, au tuiache? Asiyetaka kujibu lolote kati ya hayo ameamua wafanyakazi ndio waibebe hasara.