Je, Wajua? Jino la Chonge, Mwanya wa Urembo na Safari 18 za Kupita Nyungwe

Je, wajua kwamba katika nchi za Maziwa Makuu wako watu waliong'olewa jino kabla halijaota?

Kwa Kinyarwanda huitwa ibyinyo. Waganda wa magharibi husema ebinyo, Watanzania husema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto wa miezi sita au minane anashikwa na homa, anaharisha, anakataa titi. Mtu mzima wa nyumbani anamfunua kinywa, anapitisha kidole kwenye ufizi na kukuta uvimbe mdogo, mweupe kuliko nyama ya pembeni, mahali pale pale ambapo jino la chonge litachomoza mwaka wa pili. Lawama yote inaangukia hapo. Mganga anauchana ufizi kwa wembe, kisu au spoki ya baiskeli iliyonolewa, anachokoa, na anatoa kitu cheupe, laini, kinachobonyea. Anamwonyesha mama: mdudu wako huyu hapa.

Si mdudu. Ni jino changa la chonge ambalo halijapata madini ya kutosha kuwa gumu. Jina la "plastiki" limetokana na ulaini huo. Karibu yake, ndani ya mfupa huo huo, jino la chonge la ukubwani linaanza kujijenga, na ncha ya spoki haijui mpaka uko wapi. Mtoto akinusurika kuvuja damu, pepopunda na maambukizi mengine, anaweza kukua akiwa na chonge lenye mabaka, lililoota upande, au asiwe nalo kabisa. Meno ya jirani nayo hujisogeza kuziba pengo, na mstari wa katikati wa meno ukahama.

Mdenmark J. J. Pindborg aliandika juu ya jambo hili kutoka Uganda mwaka 1969. Mwaka 1992 Hiza na Kikwilu waliandika kutoka kijiji kimoja cha mbali nchini Tanzania, na mwaka 1995 Hassanali na wenzake waliandika juu ya watoto wa Kimaasai nchini Kenya. Kwa hiyo si habari ya kilima kimoja wala ya kabila moja.

Sasa jiulize: kwa nini wazazi wenye akili timamu na mapenzi ya dhati waendelee kuamini? Kwa sababu wamemwona mtoto akipona kwa macho yao. Jino limetolewa Jumatatu, kufika Alhamisi homa imeshuka. Wasichokiona ni mtoto wa jirani aliyekuwa na homa ile ile, hakuguswa, na Alhamisi alikuwa anacheka. Katika utafiti wa tiba, yule mtoto wa jirani ndiye mtu muhimu kuliko wote.

Je, wajua kwamba hata madaktari wa kunyoosha meno wa Ulaya walimsahau mtoto wa jirani kwa miaka mingi, na tena ilikuwa juu ya jino hilo hilo?

Chonge la juu la ukubwani lina mzizi mrefu kuliko meno yote na hufika likiwa limechelewa, karibu na umri wa miaka 11 au 12, wakati wenzake wengi wameshakaa. Baadhi ya machonge hupotea njia na kuelekea kwenye kaakaa. Mwaka 1988 Waswidi Ericson na Kurol walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 10 hadi 13 waling'olewa chonge la utotoni ili kulifungulia njia la ukubwani. Kati ya meno 46, meno 36 yalirudi kwenye njia yake, yaani asilimia 78. Ushauri ukaenea duniani. Lakini katika utafiti ule hapakuwa na kundi la watoto ambao hawakung'olewa.

Kundi hilo lilikuja baadaye. Mwaka 2015 Julia Naoumova na wenzake, Waswidi pia, walichapisha utafiti wa watoto 67 ambamo kura ndiyo iliyoamua jino lipi la utotoni ling'olewe na lipi liachwe. Palipong'olewa, asilimia 69 ya machonge yalichomoza vizuri. Palipoachwa, asilimia 39 yalichomoza vizuri yenyewe. Tiba inasaidia, hilo limethibitika. Ila sehemu kubwa ya sifa iliyokuwa inapewa koleo ilikuwa kazi ya mwili wenyewe. Naupenda utafiti huu kuliko mingine yote ya fani hii, kwa sababu unamfundisha profesa na bibi wa kijijini somo moja.

Je, wajua kwamba uzuri wa Mnyarwanda huhesabiwa kuwa kasoro katika vitabu vya meno?

Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu huitwa inyinya kwa Kinyarwanda, na ni sifa ya urembo. Waswahili wa pwani nao huusifia mwanya. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa taaluma ya kunyoosha meno, alipotafuta mfano wa uso kamili katika vitabu vyake aliuchukua wa sanamu ya Apollo Belvedere iliyoko Vatikani, jiwe la marumaru lenye sura ya mungu wa Kiyunani. Mwaka 1899 alichapisha mpango wake wa kuyagawa meno yasiyopangana katika madaraja matatu, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa meno wa Kigali, Nairobi na Dar es Salaam huukariri.

Tazama kinachotokea kipimo hicho kikifika kwetu. Ng'ang'a na wenzake walipima watoto wa Nairobi wenye miaka 13 hadi 15, wakachapisha matokeo mwaka 1996: asilimia 72 walikuwa na kasoro fulani ya mpangilio wa meno. Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walichapisha ya wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke: asilimia 63.8. Kati ya kasoro zilizoongoza pale Dar es Salaam, asilimia 21.9 ya watoto walikuwa na nafasi ya milimita 2 au zaidi kati ya meno. Nafasi kama hizo zikiangukia katikati ya meno ya mbele, bibi harusi wa Kamembe, katika wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, anasifiwa kwazo. Katika utafiti huo huo, magego ya asilimia 93.6 ya watoto yalikutana sawasawa, juu na chini.

Sunil Kapila, katika utafiti wa picha za eksirei za watoto wa Kikikuyu uliochapishwa mwaka 1989, alikuta taya na meno ya mbele yamesogea mbele kuliko vipimo vya Wamarekani weupe. Hiyo ni sura ya watu, si ugonjwa. Daktari anayemtazama mtoto wa Bugarama, huko huko Rusizi, kwa kipimo cha Apollo anaweza kung'oa meno mazima manne ili kurudisha nyuma mdomo ambao haukuwa na tatizo. Kwa maoni yangu, swali la kwanza kwa mtoto lisiwe "umepungukiwa nini na kitabu?" bali "unatafuna vizuri, unatamka vizuri, unacheka bila kuziba mdomo?"

Je, wajua kwamba jino halikugandishwa kwenye mfupa? Linaning'inia ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyembamba mno. Waya ukilisukuma, upande unaobanwa mfupa unaliwa, upande unaoachwa mfupa mpya unajengwa, na jino linasafiri kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Ukilivuta kwa nguvu zaidi haliendi haraka zaidi, bali mzizi unaumia. Na ule waya laini unaokumbuka umbo lake hata ukikunjwa? Mchanganyiko wake wa nikeli na titani ulivumbuliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeuleta kwenye meno mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Je, wajua waya hukaa mdomoni muda gani? Wachambuzi waliokusanya tafiti 22 walichapisha jibu mwaka 2016: wastani wa miezi 19.9, na ziara kama 18 kwa daktari.

Mjini Kigali 18 ni nambari tu. Hebu ifikirie ukiwa Kamembe. Ikiwa bingwa wako wa kunyoosha meno yuko Kigali, ni mabasi 18 ya kwenda na 18 ya kurudi, kupanda na kushuka kona za msitu wa Nyungwe, mzazi ameacha kazi, mtoto ameacha shule. Waya ukichomoka na kuchoma shavu usiku, bingwa hayuko karibu. Kwa hiyo utafiti unaoifaa Rusizi ni ule unaouliza ni kazi gani inaweza kufanywa na mhudumu wa meno aliye jirani, katika hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, na ni ipi lazima ingoje bingwa.

Majibu mengine yamekwisha kupatikana. Nchini Uingereza Kevin O'Brien na wenzake waligawa kwa kura watoto 174 wa miaka 8 hadi 10 wenye meno ya juu yaliyochomoza sana: nusu walitibiwa mapema, nusu wakangoja. Walipofuatiliwa hadi ujana, matokeo yalikuwa karibu sawa. Faida iliyoonekana katika tafiti za aina hii zilipojumlishwa ni kwamba waliotibiwa mapema walivunjika meno ya mbele mara chache zaidi. Mzazi wa Rusizi anayeambiwa "ukichelewa mwaka huu basi" ana haki ya kuuliza kwa nini.

Wa kuulizwa wanaongezeka. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza shahada ya udaktari wa meno mwaka 2013, kwa msaada wa walimu kutoka Harvard. Kabla ya hapo nchi iliwategemea wahudumu wa meno waliosomeshwa Kigali na madaktari wachache waliosomea nje. Uchunguzi wa kwanza wa taifa wa afya ya kinywa, uliochapishwa mwaka 2018, ulifikia watu 2,097 na kukuta asilimia 64.9 wamewahi kutoboka meno, na asilimia 70.6 hawajawahi kabisa kumwona mhudumu wa meno. Hao wengi hawahitaji waya kwanza. Wanahitaji mtu wa kuwatazama kinywani.

Wewe msomaji unaweza kuanza nyumbani. Mtoto mchanga akiwa na homa na ufizi uliovimba, mpeleke kituo cha afya akatibiwe homa, na ufizi usiguswe. Na mtoto akifikisha miaka kumi, nawa mikono, mwinue mdomo wa juu na upapase ufizi juu ya jino lake la chonge la utotoni, kulia na kushoto. Ukihisi kivimbe kigumu pande zote mbili, chonge liko njiani. Ukikikosa upande mmoja, mwonyeshe daktari wa meno mwaka huo huo, kabla hajafikisha miaka 13.