Namba ya Simu ni ya Kupanga

Mtu akihamia Muscat kikazi, laini yake ya Tanzania hukaa wiki chache kwenye simu ya pili, kisha huhamia kwenye droo, kisha husahaulika. Haiwekwi vocha, haipigi, haipokei. Miezi ikipita, kampuni ya simu huifunga, na baadaye namba ileile huwekwa kwenye laini mpya na kuuzwa Mbagala kwa mtu asiyejua kwamba kabla yake ilikuwa na mwenyewe. Mnunuzi hana kosa lolote. Ila Gmail ya yule aliye Muscat bado inaitambua namba ile kuwa ni yake, Facebook vilevile, na pengine benki pia. Siku mtu akibonyeza palipoandikwa "nimesahau nywila", msimbo wa kufungulia akaunti utaingia kwenye simu iliyoko Mbagala.

Tumezoea kusema "namba yangu" kwa sababu tumeinunua na imesajiliwa kwa vidole vyetu. Kwa kweli ni sawa na chumba cha kupanga: unakaa maadamu unalipa, ukiondoka anaingia mwingine. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichunguza namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu za Marekani zilikuwa zinawapa wateja wapya. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Wala hawakuhitaji kudukua chochote. Namba hizo zilikuwa kwenye orodha ambayo mteja wa kawaida huoneshwa anapotaka kuchagua namba.

Kwa hiyo, ukibadili namba au ukisafiri kwa muda mrefu, kazi ya kwanza ni kuingia kwenye barua pepe yako na akaunti za mitandao ya kijamii, uiondoe namba ya zamani na kuweka mpya wakati ile ya zamani bado ipo hewani. Laini ikishafungwa, kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe huwa ni safari ndefu.

Ushauri wa usalama wa mtandaoni kwa kawaida huanza na nywila ndefu. Mimi naanza na laini, kwa sababu kwetu laini ndiyo iliyobeba pesa, WhatsApp, barua pepe na mikopo ya simu kwa pamoja.

Chukua simu iliyokwapuliwa dirishani kwenye foleni ya magari. Mwenyewe hujipa moyo kwamba haifunguki bila alama ya kidole. Kufuli hiyo inalinda simu, hailindi laini. Mwizi huichomoa laini, akaiweka kwenye simu ya batani, akajipigia ili aione namba, na kuanzia hapo kila SMS inayotumwa kwako inamfikia yeye. Akifungua WhatsApp kwa namba yako, msimbo unamjia mkononi. Akiomba kubadili nywila ya Facebook, hali ni hiyohiyo.

Dawa ipo tangu enzi za simu za tochi na karibu kila mtu ameisahau: namba ya siri ya laini yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android utaikuta kwenye mipangilio ya usalama, mahali pa kufunga SIM kadi. Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Ukiiwasha, laini haifanyi kazi kwenye simu yoyote mpaka namba hiyo iingizwe. Ila usikurupuke. Laini huja na namba ya siri iliyowekwa na kampuni, na ukikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu nane ambayo kwa kawaida imechapwa kwenye kile kiplastiki ambacho laini ilikuja imebanwa. PUK nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa. Basi tafuta kwanza kiplastiki chako, au piga huduma kwa wateja wakupe namba zote mbili, ndipo uanze kubadili.

Tukiwa hapohapo kwenye namba za siri: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, halafu anatembea na kitambulisho kwenye mkoba uleule wenye simu, amemwekea mwizi jibu pembeni ya swali.

Njia nyingine ya kukupokonya laini haihitaji kuigusa simu yako. Tapeli huenda kwa wakala, au hula njama na mtu wa ndani, akadai wewe umepoteza laini na kuomba irudishwe. Laini mpya ikiwashwa, ya kwako inakufa. Dalili yake ni moja: simu inapoteza mtandao ghafla huku jirani mwenye mtandao huohuo anaongea bila shida. Usizime na kuwasha ukingoje kesho. Azima simu, piga kampuni yako, au nenda dukani saa hiyohiyo. Wala si balaa la wanyonge tu: Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa anaiongoza Twitter, alitekwa namba yake ya simu, na matusi yakarushwa kwenye akaunti yake mwenyewe katika mtandao alioshiriki kuuanzisha.

Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mchezo wa kurudisha laini ya mtu mwingine ukawa mgumu zaidi, ila ukazaliwa mwingine. Uko chini ya mwavuli wa wakala kando ya barabara, umeshaweka kidole, naye anakwambia, "Haijasoma, weka tena." Unaweka. "Bado, jaribu kingine." Unaweka. Inawezekana kweli haijasoma. Inawezekana pia umesajili laini ya pili usiyoijua, na ikitumika kutapeli watu, jina litakalosomeka ni lako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaifute. Kwa Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isiweze kurudishwa kiholela kwa wakala yeyote.

Sasa tuje WhatsApp, maana huko ndiko wengi wanakolizwa.

Mhazini wa kikoba anapata ujumbe kutoka kwa mwanakikundi mwenzake, picha ni yake, jina ni lake: "Shikamoo mama. Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, naomba unirushie haraka kabla hazijaisha muda." Anaangalia SMS, namba sita zipo. Anazirusha. Dakika chache baadaye WhatsApp yake inamtoa nje, na kwenye kundi la kikoba mhazini "anaandika": "Jamani nimekwama hospitali, mwenye laki mbili aniazime hadi jioni. Tumeni namba hii, yangu imegoma. Jina litakalotokea ni la shemeji yangu, msijali." Wenzake wanatuma, kwa sababu ni mama wa kikoba, na nani atamhoji mgonjwa?

Yule mwenzake aliyeomba namba hizo hakuwa yeye. Akaunti yake ilikuwa imeshatekwa kabla kwa mtindo uleule. Msimbo wa tarakimu sita una michanganyiko milioni moja, na WhatsApp haimruhusu mtu kubahatisha bila kikomo. Tapeli hana namna ya kuukisia. Njia yake nyepesi ni kuomba, na ndiyo maana anaomba kwa adabu sana. SMS yenyewe huwa imeandikwa usimpe mtu msimbo huu, lakini aliyeshtuliwa hasomi sentensi ya pili.

Tangu 2017 WhatsApp ina kinga dhidi ya hili, nayo ni uthibitishaji wa hatua mbili. Fungua Mipangilio, ingia Akaunti, uuwashe. Utaweka namba ya siri yako mwenyewe ya tarakimu sita, na barua pepe ya kuikumbushia. Baada ya hapo, hata mtu akiupata msimbo wa SMS, hataingia bila namba hiyo. Pitia pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Mara nyingi si mdukuzi wa ng'ambo bali ni ile kompyuta ya steshenari uliyoitumia kuchapisha cheti ukasahau kutoka.

Kuna ujanja mmoja unaohitaji macho makali zaidi. Mtu anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, anasema mtandao wako una hitilafu, anakuomba upige namba inayoanza na **21* ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli mwishoni. Ukipiga, umeelekeza simu zako zote ziende kwake. Kisha anaiambia WhatsApp isitume msimbo kwa SMS bali impigie, na sauti ya mashine inamsomea yeye. Ukitaka kujua kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21#. Ukitaka kufuta uelekezaji wote, piga ##002#. Ni namba za kawaida za mitandao ya GSM, si siri ya mtu.

Kwa maoni yangu lawama si ya mtumiaji peke yake. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishaiweka SMS kwenye kundi la njia za uthibitisho zinazopaswa kutumika kwa tahadhari. Benki na kampuni zimeendelea nayo kwa sababu ni rahisi kwao, kisha zinatutumia matangazo ya kutuonya tuwe makini. Palipo na nafasi ya kuchagua, chagua programu ya uthibitishaji badala ya SMS. Inatengeneza msimbo mpya kila sekunde 30 ndani ya simu, haihitaji bando wala laini, na aliyeiba namba yako haioni. Huduma nyingi hukupa pia misimbo ya akiba unapoiwasha. Iandike kwenye karatasi, uiweke panapokaa vyeti.

Barua pepe ndiyo inayofuata kwa uzito, na hapa kuna tatizo ambalo vitabu vya nje havilijui. Wengi wetu Gmail tulifunguliwa na muuza simu. Umenunua simu, anataka akuwekee WhatsApp, Play Store inadai akaunti, anaitengeneza palepale kaunta kwa jina analolijua yeye na nywila anayoikumbuka yeye, au hata hiyo haikumbuki. Miaka mitatu baadaye picha zote za watoto zimo humo na mwenyewe hajui anuani yake. Siku simu ikifutwa kila kitu na kuwashwa upya, Android tangu toleo la 5.1 inadai akaunti ile ile iliyokuwemo kabla, na hapo ndipo watu hurudi kwa fundi na simu iliyogoma. Fungua mipangilio leo, gusa jina lako sehemu ya Google, soma ni anuani gani. Badili nywila, futa namba au barua pepe ya mtu mwingine iliyowekwa kuwa ya kurejeshea akaunti. Ukishindwa kwa sababu nywila huijui, fungua akaunti yako mwenyewe na uanze kuhamisha picha na majina mapema, wakati simu bado ni nzima.

Kuhusu nywila sina mengi. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilivujisha nywila zaidi ya milioni 32, na iliyoongoza kwa kutumiwa ilikuwa 123456. Iliyokwisha kuvuja mahali pamoja hujaribiwa na mashine kila mahali pengine, ndiyo maana nywila ya barua pepe haipaswi kutumika popote kwingine. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto lenye @ katikati. Kuiandika kwenye daftari la nyumbani ni sawa kabisa. Anayekutapeli kwa simu hafiki kwenye kabati lako.

Kama nyumbani una ruta ya Wi-Fi au kamera ya ulinzi, badili nywila iliyokuja nayo kiwandani, ile ya kuingilia mipangilio yake na si ya Wi-Fi tu. Kirusi cha Mirai kiliteka vifaa vya aina hiyo kwa mamia ya maelfu mwaka 2016 kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, basi.

Na kama yameshatokea? WhatsApp ikitekwa, isajili upya kwa namba yako papo hapo. Ukiingiza msimbo mpya wa SMS, aliyekuwa ndani anatolewa. Kama ameweka namba yake ya siri ya hatua mbili, utangoja siku saba ndipo uingie bila hiyo namba, lakini naye wakati huo hayumo. Wapigie watu kwa simu ya kawaida, mwanzo viongozi wa vikundi ulivyomo, wawatangazie wengine wasitume kitu. SMS ya kitapeli itume kwenda 15040, namba iliyotengwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa ajili hiyo. Na kama pesa imeshakwenda, piga huduma kwa wateja kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, kwa sababu pesa ikiwa bado ipo kwenye simu ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, hakuna cha kuzuia.