Macho Yanayowaka Kando ya Barabara

Jumamosi iliyopita, tukitoka Kahama kurudi Shinyanga mjini, giza lilitukuta kabla ya Tinde. Nikasimamisha gari kando ya ngitili, eneo la malisho lililofungwa, nikazima taa. Mwanangu akamulika dirishani, tochi ikiwa mapajani. Hakuona kitu. Nikamwambia aipandishe hadi usawa wa jicho, karibu na sikio. Papo hapo vitone viwili vya kijani vikawaka chini ya mgunga, vikazimika, vikawaka tena hatua chache mbele.

“Baba, ni fisi?”

Alikuwa fisi. Bibi yake, yaani mama yangu, akiwa kiti cha nyuma, akapandisha kioo upesi.

Jicho la fisi halina taa. Nyuma ya retina yake kuna utando unaong'aa kama kioo, uitwao tapetamu. Mwanga ulioziponyoka seli za kuonea hugonga pale na kurudi, seli zikapata nafasi ya pili ya kuunasa. Unaobaki hutoka kwa njia uliyoingilia, ndiyo maana tochi isipokuwa jirani na jicho lako huambulii kitu. Paka anao, mbuzi anao, komba anao. Ngiri hana, nyani hana, na binadamu hatuna.

Fisi yule ana historia. Tangu miaka ya 1920 mapori ya Usukumani yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza yaliyosalia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikafufua desturi ya Wasukuma ya kufunga ngitili wakati wa mvua ili malisho yafae kiangazi. Kutoka takribani hekta 600, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti ilirudi, ndege wakarudi, fisi naye akarudi, na mbuzi wa watu wanaliwa. Hasara hiyo ni ya kweli, simlaumu mfugaji anayemchukia.

Ila kioo hakikupandishwa kwa ajili ya mbuzi. Huku kwetu wengi huamini fisi ni kipando cha wachawi, na mchawi hutambuliwa kwa macho mekundu. Kwa imani hiyo vikongwe wamekatwa mapanga, Shinyanga na Geita pia. Inaniuma, maana wekundu ule ni maradhi. Miti ilipokwisha, akina mama walipikia samadi kavu na mabua katika jiko lisilo na dirisha. Moshi huunguza utando wa juu wa jicho, mishipa midogo ya damu ikatanuka, na baada ya miaka mingi jicho halirudi kuwa jeupe.

Niliyasema haya garini, taratibu. Mama alikaa kimya kitambo.

“Mimi nimepikia samadi tangu nikiwa binti,” akasema. Akateremsha kioo. “Mjukuu wangu, hebu nipe hiyo tochi.” Akaiweka kando ya sikio, akaanza kuwatafuta fisi.