Jeraha la Sehemu za Siri: Kuandika "Ameumia" Hakutoshi

Tuseme jioni moja kule Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, watu wanne wanafikishwa katika kituo cha afya, kila mmoja akivuja damu sehemu za siri. Wa kwanza ni mvulana aliyeteleza juu ya mparachichi akaangukia kisiki. Wa pili ni mwendeshaji wa bodaboda aliyejigonga kwenye tangi la petroli pikipiki ilipoingia mtaroni. Wa tatu ni mama aliyejifungulia nyumbani akachanika. Wa nne ni msichana wa miaka 12. Shangazi yake anasema "alianguka", naye mwenyewe hasemi kitu.

Mhudumu akiandika kwa wote wanne "jeraha sehemu za siri, ameshonwa", watu hao wanakuwa kitu kimoja katika kitabu. Wiki hii tutaeleza kwa nini maneno hayo machache yanaweza kumdhuru mgonjwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni lina orodha ya maradhi na majeraha yote, iitwayo kwa kifupi ICD, ambamo kila moja lina alama yake ya herufi na tarakimu. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Katika lile la 10, jeraha la wazi la uume ni S31.2, la mfuko wa korodani ni S31.3, na la uke na mashavu yake ni S31.4. Kama ngozi haikupasuka bali damu imevilia tu ndani, alama ni S30.2. Yule mama hayumo katika kundi hili kabisa. Kuchanika wakati wa kujifungua ni O70, na tarakimu ya mwisho huonyesha ni kiasi gani: O70.0 ni kuchanika kidogo, O70.3 ni kuchanika hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Huyu wa pili akishonwa kana kwamba ni wa kwanza, huenda akashindwa kuzuia choo maisha yake yote.

Kisha huongezwa alama ya chanzo. Kuanguka kutoka mtini ni W14, ajali ya mwenye pikipiki iko kati ya V20 na V29, na kushambuliwa kingono kwa nguvu ni Y05. Anayeweka alama hizi mara nyingi ni karani wa kumbukumbu ambaye hakumwona mgonjwa. Yeye husoma tu kilichoandikwa. Pasipoandikwa ni kiungo gani, hulitupa jeraha katika S31.5, kapu la "viungo vingine au visivyotajwa".

Sasa turudi kwa yule msichana. Jeraha la kupasuka kwa kuanguka huwa na kingo zisizo sawa, na ngozi ya kando yake huwa imechubuka. Lililokatwa kwa wembe huwa na kingo nyoofu. Tofauti hiyo huonekana siku ya kwanza, na baada ya kushonwa na kupona ni vigumu kuitambua tena. Katika Gusii jambo hili si dogo, kwa maana wasichana wengi wamekeketwa kwa siri nyumbani, mara nyingine na wahudumu wa afya wenyewe. Sheria ya mwaka 2011 inatoa kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili, na anayejua akanyamaza naye ana kosa. Hata hivyo, mtoto anayevuja damu apelekwe hospitali mara moja, hata kama aliyemkata ni jamaa.

Ikiwa ni ubakaji, kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya huduma baada ya ubakaji, PRC, inayojazwa hospitalini kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mgonjwa, moja ya faili. Ya pili ni P3 ya polisi, nayo haiuzwi. Katika P3 daktari au tabibu husema jeraha ni dhara la kawaida, dhara kubwa, au la kulemaza kiungo. Neno hilo moja lina uzito. Chini ya Kanuni ya Adhabu, shambulio lenye kuleta dhara la kawaida lina kifungo cha hadi miaka 5, ilhali dhara kubwa laweza kufika kifungo cha maisha.

Mahali pa jeraha huelezwa kwa mfano wa uso wa saa, mgonjwa akiwa amelala chali: 12 ni upande wa kitovu, 6 ni upande wa njia ya haja kubwa. Hapa Kiswahili chetu kina mtego. Mkalimani akigeuza saa ya Kiingereza ya 6 kuwa "saa kumi na mbili", kama tusemavyo kila siku, jeraha limehamia upande wa pili mbele ya hakimu. Afadhali itajwe tarakimu tu, na mchoro uwekwe.

Wengi hudhani kwamba pasipo jeraha hapakuwa na ubakaji. Si kweli. Sehemu hizo hupona upesi, na wengi waliobakwa hawana hata mchubuko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kupima ubikira hakuna msingi wa kisayansi. Mahakama ya Rufani ya Kenya nayo imekubali kwamba ubakaji waweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo wa aliyetendewa.

Kwa hiyo, likikufika wewe au mwanao, usioge wala usifue. Nguo zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu wa plastiki huozesha ushahidi. Nenda hospitali kwanza, polisi baadaye, na matibabu haya ni bure katika hospitali za serikali. Dawa ya kuzuia Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Kabla ya kuondoka, omba usomewe kilichoandikwa: kiungo gani, upande gani, urefu gani, chanzo gani, tarehe na saa. Dai nakala yako. Ukikosa pa kuanzia, piga 1195 bila malipo, au 116 ikiwa ni mtoto.